Mtomondo na Jamaa Zake: Nasaha kwa Mwenye Kiwanja cha Maji

Katika miaka hii ambayo watu wengi wameihama Dar es Salaam na kujenga nyumba zao kandokando ya barabara iendayo Bagamoyo, kuanzia Bunju na kuvuka Mto Mpiji hadi Mapinga, Kerege na Zinga, imekuwa ada ya wenye viwanja kununua miche njiani hata kabla hawajanunua bati, wakiichagua kwa uzuri wa majani yake, kisha kuipanda popote palipo wazi. Na masika ya kwanza yakisha kupita, baada ya maji kutuama uani kwa juma zima, hustaajabu kuona mparachichi umenyauka ilhali umesimama majini, mpapai umeoza shina, na mchungwa umegeuka manjano. Hapo husema kwamba mche ulikuwa mbovu, au kwamba mkono wa aliyepanda hauna baraka. Aghalabu mche haukuwa na ila yoyote. Ila ilikuwa katika mpango wa mambo, kwa kuwa mwenye kiwanja aliuliza kwanza anapenda mti gani, badala ya kuuliza maji ya masika hukaa wapi katika ardhi yake, hukaa kwa muda gani, na kama ni matamu au ya chumvi.

Nasaha hizi nimezikusudia kwa mtu wa namna hiyo, yaani mwenye kiwanja kilicho bondeni, au nyuma ya mikoko, au penye udongo mweusi wa mfinyanzi usiopitisha maji, ambaye majirani wamekwisha mwambia kwamba hapo hapaoti kitu isipokuwa matete. Kwa hakika panaota mengi. Upo mti mmoja hasa ninaoutetea kuliko mingine yote, nao ni mtomondo, mti wa kando ya mito yetu, ambao watu wa pwani wameuona tangu utotoni wakaupita bila kuutazama, kwa sababu tu haukuletwa na muuza miche.

Lakini tuanze na ardhi. Mizizi ya mti haihitaji maji peke yake, bali huhitaji na hewa iliyomo katika vitundu vidogo vya udongo. Maji yanapovijaza vitundu hivyo kwa siku nyingi, mizizi ya miti mingi hukosa pumzi, hudhoofika, na hapo ukungu wa kuozesha mizizi hupata nafasi ya kuingia, ndiyo maana mparachichi hufa kwa kiu huku miguu yake imelowa. Miti iliyozaliwa kando ya mito na nyuma ya fukwe imejaaliwa tabia nyingine, ikaweza kustahimili majuma kadhaa ya mafuriko bila madhara makubwa. Basi kabla hujatoa shilingi yako, chimba shimo la kina cha dhiraa moja, ambayo ni kama nusu mita, lijaze maji, liache linywe mpaka likauke, kisha lijaze mara ya pili na utazame. Maji yakitoweka katika muda wa saa moja au pungufu, unao mchanga, na taabu yako itakuwa kiangazi, wala si masika. Yakiwapo bado kesho yake asubuhi, unacho kiwanja cha maji, wala usijidanganye kwamba utakibadili kwa lori moja la kifusi.

Udongo wenyewe pia husema. Ukikata ukuta wa shimo kwa jembe ukaona madoa ya rangi ya kijivu yaliyochanganyika na madoa ya kutu, hiyo ni dalili ya ardhi inayojaa maji kila mwaka, hata kama umekuja kuinunua mwezi wa Januari ikiwa imepasuka kwa ukavu. Na harufu ya yai viza inapotoka shimoni, fahamu kwamba hewa haifiki humo abadan. Kuhusu chumvi, onja maji ya kisima kilicho karibu mwishoni mwa kiangazi, wakati maji matamu ya mvua yamepungua na ya bahari yamesogea chini kwa chini. Maeneo ya kaskazini ya mji wa Bagamoyo, kuelekea mashamba ya chumvi ya Nunge na mdomo wa Mto Ruvu, yana ardhi ambayo hatua mia chache tu hutenga udongo wa mpunga na udongo wa chumvi, na mtu hawezi kuzitambua aina hizo mbili kwa kutazama kutoka barabarani. Pale Kaole, ambako bandari ya kale ilijaa matope mikoko ikaota mbele yake, kila mwenye macho anaweza kuona kwamba mpaka wa bahari na nchi kavu katika pwani hii haukuandikwa juu ya jiwe.

Na hapa nijibu swali ambalo huulizwa na wale wenye ndugu zao ng'ambo. Huko Marekani, hususan katika majimbo ya mashariki, mwenye ua unaotuama maji hupanda mti uitwao betula ya mtoni, ambao wataalamu wa mimea huuita Betula nigra. Ni mti mzuri bila shaka, gome lake hujibandua lenyewe kwa vipande vyembamba vya rangi ya hudhurungi na waridi, nao hustahimili mafuriko na joto kuliko jamaa zake wote wa ukoo wa betula. Picha zake huwavutia watu, na wapo waliotumiwa mbegu ndani ya bahasha. Ningewashauri waziache bahasha hizo zilivyo. Mti ule umezoea majira ya baridi ambayo huupumzisha, jambo ambalo pwani yetu haiwezi kuupa, fauka ya kwamba kuingiza mbegu nchini bila kibali cha wakaguzi wa mimea ni kukaribisha maradhi ambayo hatukuwa nayo. Hata hivyo kuna funzo moja katika mti huo linalotufaa: hauvumilii udongo wenye chokaa, na ukipandwa humo majani yake hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Dalili hiyohiyo huonekana kwetu katika michungwa na miti mingine mingi iliyopandwa juu ya matumbawe, au, kwa wingi zaidi, kando ya kuta mpya, mahali ambapo mafundi walichanganyia saruji na kumwaga mabaki yao. Kabla ya kupanda chochote karibu na nyumba mpya, chimbua kifusi hicho ukitoe chote; samadi haiwezi kukishinda.

Sasa niuseme mtomondo wenyewe. Huota kandokando ya mito iingiapo baharini, nyuma kidogo ya mikoko, mahali ambapo maji matamu na ya chumvi hukutana, na hupatikana tangu pwani yetu hadi visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kwa kuwa tunda lake lenye nyuzinyuzi huelea na kusafiri. Ni mti wa kimo cha wastani, aghalabu mita 5 hadi 10, ingawa katika mahali unapopapenda huweza kupita hapo. Majani yake ni mapana na marefu, yamekusanyika kwenye ncha za matawi, na kabla ya kudondoka baadhi yake huwa mekundu, hata mti ukaonekana umetiwa rangi. Uzuri wake mkubwa ni maua. Hayo huning'inia katika mashada marefu, mengine yakipita nusu mita, yenye nyuzi laini nyeupe zilizoguswa na rangi ya waridi, nayo hufunguka jua likisha kuzama, hutembelewa na nondo usiku kucha, na alfajiri huanguka yote chini. Kwa hiyo mwenye kutaka kuufaidi na aupande karibu na baraza ambapo jamaa hukaa baada ya isha, si nyuma ya banda la kuku. Harufu yake ni nzito. Wapo waipendao na wapo wasioipenda, na kwa sababu hiyo nisingeupanda chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Hadhari moja lazima itangulie. Tunda na gome la mtomondo vina sumu ya kulewesha samaki, na wavuvi wa zamani walivitwanga na kuvitia katika vidimbwi, ingawa uvuvi wa sumu umekatazwa na sheria zetu. Madhali ni hivyo, usiupande mti huu ukainamia bwawa la kufugia perege, wala usiwaachie watoto wachezee matunda yake kana kwamba ni ya kula. Na mtu anapokuuzia mche kwa jina hilo, mwombe akuonyeshe tunda, kwa sababu majina ya miti hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, nawe huenda ukarudi nyumbani na mti mwingine kabisa.

Ni heri, hata hivyo, kuotesha mwenyewe. Tembea kandokando ya mto baada ya maji kupungua, uokote matunda yaliyoanguka, yaliyo mazito mkononi, yasiyo na matundu ya wadudu. Uyatie katika viriba vipana vilivyojazwa udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza, sehemu mbili za udongo kwa moja ya kila kimoja cha vile viwili, na uyafukie nusu, ubavu chini, nusu ikibaki juu. Kitalu kiezekwe makuti yaliyopanguliwa ili mwanga upite kidogo, na viriba visikauke hata siku moja. Watu wengine huvipanga ndani ya karai lenye maji ya kina cha wanda mmoja au wawili, na kwa mti huu, tofauti na karibu miti mingine yote, hilo halidhuru. Subira inatakiwa. Mbegu nyingine huchipua baada ya majuma machache, nyingine hukawia miezi, na mwenye pupa huzitupa pale ambapo zilikuwa karibu kuota. Mche ukifika kimo cha goti, uondolee makuti polepole kwa majuma mawili au matatu, upate kulizoea jua.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa masika, baada ya mvua mbili tatu kubwa kuilowanisha ardhi hadi chini, ambayo kwetu ni mwishoni mwa Machi au mapema Aprili. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, huwadanganya wengi: hunyesha vizuri majuma mawili, watu wakapanda, kisha kaskazi ikaja na jua lake la Januari na Februari ikaikuta mizizi bado mifupi. Ukiwa na kisima na mtu wa kumwagilia, panda vuli; ukiwa huna, ngoja. Shimo liwe na upana wa sentimeta 60 na kina kama hicho, udongo wa juu ukiwekwa upande wake na wa chini upande wake, na wa juu urudishwe kwanza ukiwa umechanganywa na debe moja la samadi iliyooza kabisa, isiyo na joto tena. Katika mfinyanzi, jembe hulainisha kuta za shimo hata zikawa kama chungu, mizizi ikazunguka humo humo pasipo kutoka. Kwa hiyo zikwaruze kuta hizo kwa ncha ya panga mpaka ziparuzike.

Mahali ambapo maji hutuama zaidi ya juma, hata mtomondo mchanga husaidiwa kwa kuinuliwa. Fanya tuta la mviringo lenye upana wa mita moja na nusu na kimo cha shibiri mbili, uupande mche juu yake, na shingo ya mche, yaani pale shina linapokutana na mizizi, isifukiwe zaidi ya ilivyokuwa katika kiriba. Tandaza makumbi na majani makavu juu ya tuta lote, ila acha nafasi ya kiganja kulizunguka shina, kwa sababu matandazo yanayogusa gome hulificha unyevu likaoza, na tena huwa daraja la mchwa. Mchwa wa pwani hawana mzaha na mche uliochoka kwa kiu, lakini mara nyingi huuacha ule ulio na siha.

Kisha kuna mbuzi. Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa Zinga akimwambia kijana aliyekuja kumwuliza mbolea ya kukuza miti upesi, "Mwanangu, mbolea ya kwanza ni boma," na sijasikia shauri la kilimo lililo fupi na kweli kuliko hilo. Boma la fito na makuti, la kimo cha kifua, likae miaka miwili. Katika kiangazi cha mwaka wa kwanza mwagilia madebe mawili kila baada ya siku tatu, jioni, taratibu, maji yazame; kikombe kimoja kila siku huifundisha mizizi kukaa juu, na mizizi iliyokaa juu ndiyo inayokaushwa na jua. Wenye maji haba na wazike mtungi wa udongo usiotiwa rangi, shingo ikitokeza juu, umbali wa dhiraa moja kutoka shinani, waujaze na kuufunika. Maji huvuja kidogo kidogo kupitia kuta zake, na mtungi mmoja hukaa siku kadhaa kabla ya kuhitaji kujazwa tena.

Mche mrefu hufungwa kwenye vigingi viwili, kwa kamba ya usumba iliyolegezwa, upande wa kusi zaidi kuliko upande mwingine, maana upepo huo wa katikati ya mwaka ndio unaosukuma kwa nguvu na kwa muda mrefu. Kamba ya usumba huoza yenyewe, na hiyo ndiyo fadhila yake. Waya hauozi. Yeyote anayetaka kuona matokeo ya kuusahau mnyororo juu ya mti na aende katika misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868, autazame mbuyu ulio pale, ambao husimuliwa kwamba bibi mmoja muuguzi wa Kifaransa, Madame Chevalier, aliufunga mnyororo ili amfungie punda wake. Mbuyu ukanenepa, ukaumeza mnyororo, na sasa ni ncha yake tu inayochungulia nje. Mbuyu una mwili wa kuhimili mambo hayo. Mtomondo au mkungu uliofungwa waya wa kuanikia nguo hukabwa, na siku ya upepo hukatika palepale ulipokabwa.

Katika misheni hiyohiyo kuna jambo jingine ambalo watu hulipita bila kulizingatia. Njia ya kuingilia imepangwa miembe pande zote mbili, mikubwa, yenye umri wa zaidi ya miaka mia, na kivuli chake humfunika kila aendaye makumbusho na makaburini. Mapadri wale waliipa miembe njia, hawakuipa ukuta. Miti mikubwa ikipewa mahali pa wazi pa kutosha huishi karne nzima bila kugombana na mtu. Ikibanwa baina ya choo na jiko, hukatwa ikiwa ingali kijana, na lawama huangukia mti. Basi pima kabla ya kuchimba: mtomondo uwe mita 5 kutoka ukuta wa nyumba, mkungu mita 8 hadi 10, mwembe na mfenesi si chini ya hapo, na msufi usiupande kabisa katika kiwanja cha kawaida, hata kama uliukuta mdogo na wa kupendeza. Karo la maji machafu lihesabiwe kama ukuta, na zaidi, kwa kuwa mizizi hufuata unyevu na mbolea, ikaingia katika nyufa za saruji. Nyaya za umeme zilizo juu zihesabiwe pia, ingawa leo mche wako haufiki hata magotini pa nguzo.

Upande wa kupanda nao una elimu yake. Bagamoyo iko takriban nyuzi 6 na nusu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba; kuanzia Machi hadi Oktoba huegemea kaskazini, na miezi iliyosalia, ambayo ndiyo ya joto kali, huegemea kusini kidogo. Maana yake ni kwamba jua linalokuchoma barazani saa tisa na saa kumi za alasiri mwezi wa Januari hutoka magharibi na kusini-magharibi, na huko ndiko mti wa kivuli unakotakiwa. Upande wa kaskazini-mashariki, utokako upepo wa kaskazi na unyevunyevu wa bahari, usizibwe. Mti ukiwepo huko, uondolewe matawi ya chini, upepo upite chini ya kichwa chake. Watu wanaoizungushia nyumba miashoki myembamba pande zote nne hujinyima upepo, na wasipate kivuli cha kumtosha hata kuku.

Jamaa za mtomondo, yaani miti mingine ifaayo viwanja vya pwani, ni kadhaa, nami nitaitaja mitatu tu. Mkungu unajulikana na kila mtoto wa pwani kwa matawi yake yanayotandaa tabaka juu ya tabaka. Hukua upesi, hustahimili chumvi na mchanga wa matumbawe, na kokwa lake huliwa, na popo hulipenda, kiasi kwamba chini ya mkungu wenye matunda hapawi pasafi asubuhi. Kabla ya kupukutika majani yake huwa mekundu, kisha huanguka mengi kwa mara moja, nayo ni makubwa na mazito, yanaweza kuziba mifereji ya paa; mwenye kukinga maji ya mvua auweke mbali na paa lake. Mizizi yake hupanda juu ikainua sakafu.

Mtondoo hukua polepole, na huo ndio upungufu wake pekee ninaoujua. Majani yake ni mazito, yanang'aa, maua yake meupe hunukia vizuri, hustahimili upepo wa baharini kuliko miti mingi, na mbao yake ilikuwa ikitafutwa na waunda vyombo kwa ajili ya mataruma ya majahazi. Mbegu zake hukamuliwa mafuta, ambayo si ya kula. Gamba la mbegu ni gumu. Likipasuliwa kwa uangalifu pasipo kuumiza kiini, mbegu huota katika muda wa majuma matatu hivi, ilhali ikipandwa nzima hukawia karibu miezi miwili. Mti huu ni wa yule anayejenga nyumba ya kuwarithisha wanawe.

Mvinje ni wa mchanga mtupu, karibu na ufuko, mahali ambapo hata nyasi huona taabu, wala si wa mfinyanzi unaotuama. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyovuta naitrojeni hewani na kuigeuza chakula cha mti. Mwaka 1971, Mswisi René Haller alipoanza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, ambako hapakuwa na udongo bali mwamba mweupe, alijaribu aina 26, zikasalimika tatu tu, na mvinje ukawa mmojawapo. Nao ndio uliokuja kuivika ardhi ile nguo, hasa baada ya majongoo kuletwa kuyatafuna majani yake makavu yakageuka udongo. Aoteshaye mvinje kitaluni na achote konzi moja ya udongo chini ya mvinje mkongwe, aichanganye katika viriba, ili vijidudu hivyo viingie mapema.

Mikoko yenyewe sikuitaja, kwa makusudi. Kama kiwanja chako kimepakana nayo, iache ilivyo: kuikata bila kibali ni kosa, na mchu mmoja ulio hai mbele ya nyumba yako huizuia ardhi isimomonyoke kuliko ukuta wa mawe uliojengwa kwa mkopo. Tena, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari na ukingo wa mto, na dalali akuuziaye kipande cha ukingo wa Mpiji au wa Ruvu kwa bei nafuu mara nyingi hulisahau jambo hilo kwa hiari yake. Mti unaokunywa maji hauondoi mafuriko. Wakazi wa bonde la Msimbazi waliohamishiwa Mabwepande baada ya mvua za Desemba 2011 hawakukosa miti. Walikuwa wamejenga katika njia ya mto, na mto ulipoitaka njia yake uliichukua. Mtomondo unaweza kukipamba kiwanja kinacholowa, na kukitia kivuli, na kukishikilia udongo, lakini kama maji huingia ndani ya nyumba kila masika, fedha ya miche ni afadhali iwekwe akiba kwa ajili ya kuhama.

Limesalia jambo la jirani. Mtomondo uliopandwa mpakani utadondosha maua yake katika ua wa mwenzio kila alfajiri, na matunda pia, na yeye ndiye atakayefagia. Nenda kwake kabla ya kuchimba, si baada. Mchukulie mche mmoja, mwoneshe mahali unapokusudia, na kama ana kisima au karo upande huo, sogea mita 5 ndani ya kiwanja chako bila kubishana naye. Akiupenda mti huo, pandeni miwili, mmoja kila upande, mkiiachia nafasi ya mita 6 baina yake, kwa kuwa vichwa vyake vitakapokutana baada ya miaka kadhaa vitatosha kuwatia kivuli jamaa wa nyumba zote mbili. Na kama anafuga mbuzi, zungumzeni habari ya boma siku hiyohiyo.